Gemu ya bure imekula hela ya viazi

Mhariri, kwema? Kama umenizidi umri shikamoo, kama nimekuzidi basi marahaba. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Uyole hapa Mbeya, kazi yangu viazi, nanunua kwa wakulima kule Isyonje napakia kwenye fuso vinaenda Dar. Uandishi sijasomea kwa hiyo mkikuta nimechanganya mambo nyoosheni wenyewe, ila msinikatie maneno maana nina hasira na nimeandika usiku, umeme umerudi saa nne.

Nina jambo na hizi gemu za kwenye simu zinazoitwa za familia. Sio zile za kupigana risasi, hizo kila mzazi anazijua na anazipiga marufuku kwake, nasema hizi zenye rangi nzuri na vinyama vinavyocheka.

Likizo ya mwezi wa sita baridi ya huku mnaijua, ukungu mpaka saa nne asubuhi hata bodaboda inayokuja huioni, watoto hawatoki nje. Kitinda mimba wangu ana miaka 9, yuko darasa la tatu, nikampa ile simu yangu ya pili ya kuingilia intaneti akajipakulia gemu ya shamba. Niliiangalia mwenyewe kabla sijamruhusu, jamani msije mkasema mama mzembe. Kuna kuku, kuna ng'ombe mwenye kope ndefu kama bibi harusi, kuna mahindi na stroberi na mashine ya kusaga. Damu hakuna, bunduki hakuna, matusi hakuna. Pale pa kupakulia imeandikwa inafaa kuanzia miaka 3, na kwenye tangazo lake baba na mama na watoto na bibi yao wamebanana kochi moja wanashangilia karoti. Bei: bure. Nikasema moyoni afadhali, mtoto wa watu wa shamba acheze kilimo.

Sasa wiki ya pili niko Isyonje kwa mzee mmoja, tumeshapima magunia, nataka kumrushia hela yake, salio halitoshi. Nikajua mtandao tu unasumbua. Nikarudia, vile vile. Nikakaa juu ya gunia nikaanza kufungua meseji moja moja, zile ambazo huwa sizisomi maana simu ya mtu siku hizi ni bando, mkopo, bahati nasibu, umeshinda, hujashinda. Kumbe katikati yake zimo nyingine fupi fupi za kukatwa hela. 2,600. 2,600. 12,900. 2,600 tena. 25,800. Moja ilikuwa 51,000, usiku saa tatu na nusu, saa ambayo mimi niko jikoni napika na mtoto yuko kwenye kochi kajifunika blanketi anacheka peke yake, na nakumbuka nilisema leo huyu katulia kweli. Jumla 187,400 kwa siku kumi na moja. Yule mzee wa viazi ilibidi nimwombe anisubiri mpaka kesho yake na mimi sina tabia hiyo, aibu niliyoipata pale msiombe.

Hela ilipitia wapi ntawaambia. Mwezi wa nne niliagiza kamashine ka kushonea midomo ya magunia kutoka China, nikatengeneza ile kadi ya mtandaoni inayochota kwenye hela ya simu, nikalipa, na mahali fulani nikabonyeza kukubali kadi ihifadhiwe ili siku nyingine nisihangaike kuandika namba. Baada ya hapo nilisahau kabisa kama nina kadi.

Mtoto nilipomuuliza hakukataa. Akasema mama mi nilikuwa nabonyeza almasi. Almasi za nini? Za kuivishia mahindi. Alafu akaniuliza kwa upole kabisa, kwani si wanatoa tu? Maana siku ya kwanza walimpa hamsini za bure, na yeye akajua ndo utaratibu. Baba yake alitaka achapwe. Mimi nikasema hapana, mtu mzima mwenye biashara ya miaka kumi na mbili kakaa juu ya gunia hajui hela yake imeendaje, huyu wa darasa la tatu angejuaje?

Jumapili akaja kijana wa dada yangu, anasoma chuo cha MUST hapa Mbeya mambo ya kompyuta, nikampa simu nikamwambia hebu nichambulie hawa watu wanafanyaje. Alicheka kwanza, akasema mama mdogo hapo umepigwa kitaalamu. Alafu akakaa akanionyesha kimoja kimoja mpaka nikaelewa.

Mwanzoni mwa gemu mahindi yanaiva kwa dakika moja. Mtoto anavuna, nyota zinaruka, muziki unapigwa, anapanda levo. Akifika levo ya kumi na kitu mahindi yale yale yanataka masaa manane. Hapo ndo kanatokea kajiwe ka kijani, gusa hapa yaive sasa hivi. Yaani wamemtengenezea mtoto kusubiri kwa makusudi ili wamuuzie dawa ya kusubiri! Mimi viazi vyangu ni miezi mitatu mpaka minne, ulie ugaregare haviivi kabla. Na bibi yake huyu huyu mtoto kila msimu anahangaika na foleni ya mbolea ya ruzuku, namba yake kaishika mkononi, kumbe mjukuu ananunua mbolea ya kwenye simu kwa kidole kimoja. Kwa hela ile bibi angepata mifuko miwili ya ukweli na chenji ingebaki. Nilipomsimulia alicheka mpaka akakohoa, akauliza, sasa hayo mahindi yakishaiva yanauzwa wapi?

Kilichoniuma zaidi lakini ni vipimo. Sisi wa viazi tunaijua lumbesa, gunia linashonewa kilemba juu, mkulima analipwa gunia moja katoa gunia na nusu, serikali imeipigia kelele miaka na miaka, Wakala wa Vipimo wanakamata watu, gunia mwisho kilo 100. Haya, njoo kwenye gemu. Kitu mtoto anachokitaka ni almasi 100. Almasi zenyewe zinauzwa fungu la 80 au fungu la 200. Akinunua la 80 hazitoshi, akinunua mara mbili zinabaki 60 ambazo peke yake hazinunui kitu, basi anaongeza ili zile 60 zisikae bure. Hazilingani hata siku moja na usinidanganye kuwa ni bahati mbaya, mimi ni mfanyabiashara. Na neno hela wameliondoa kabisa pale ndani. Mtoto wa Uyole ukimwambia 50,000 anashtuka, maana anajua chapati shilingi ngapi na daftari shilingi ngapi. Ukimwambia almasi 1,200 ashtukie wapi? Hiyo ni lumbesa, ila hii kilemba chake hakionekani.

Mengine nayapitisha haraka. Kuna zawadi ya kila siku, ukiingia siku sita mfululizo ya saba unapewa kubwa, ukiruka siku moja unaanza upya, ndo maana alikuwa ananiamsha asubuhi kuomba simu. Kuna ofa yenye saa inayohesabu kurudi nyuma, imebaki saa mbili, imebaki saa moja, na ikiisha inarudi kesho na jina lingine. Kuna ng'ombe anayelia machozi ukitaka kutoka. Kijana akaniambia ile 2,600 ya kwanza ndo mtego wenyewe, ni kionjo, hawaitegemei kwa faida, wanataka mtu avuke lile daraja la kulipa mara ya kwanza, akishavuka basi.

Na kuna sanduku. Hili ndo lililokula ile 51,000. Unalipia sanduku limefungwa hujui ndani kuna nini, huenda kuku wa dhahabu, huenda ndoo. Mtoto wangu kapata ndoo kumi na nne. Kwa sisi tuliokua karibu na stendi hii kitu tunaijua, ni pata potea, yule jamaa mwenye karata tatu na kaboksi ambaye polisi wakitokea anakimbia. Huyu wa kwenye simu hakimbii popote.

Nikamuuliza kijana, sasa kampuni za gemu zote ndo zilivyo? Akasema hapana, akanisimulia ya Nintendo. Naomba nieleweke, gemu iliyonila mimi ni ya watu wengine kabisa na jina nimeliacha makusudi, haya ya Nintendo ni mambo yanayojulikana na nayaleta kwa sababu yana fundisho kuliko langu.

Hawa ni wa Kyoto, Japani, ndo wenye Mario yule fundi bomba wa masharubu ambaye hata sisi miaka ya tisini tulimcheza kwa wale waliokuwa na TV, kaseti unaipuliza vumbi kwanza ndo inawaka. Kampuni ni ya mwaka 1889, ilianza na karata za hanafuda, na karata hizo wacheza kamari wa kule walizinunua kwelikweli. Baadae wakajijengea jina la watu wa gemu safi za familia. Mashine yao ya gemu ya Wii ya 2006 waliitangaza kwa mababu na wajukuu sebuleni wanarusha mikono kama wanacheza tenisi, na iliuzwa zaidi ya milioni 100. Bei zao kali. Mashine yao nyingine ya Switch 2 ilipotoka Juni 2025 ilikuwa dola 449.99 kule Marekani, na gemu ya Mario Kart World ukiinunua peke yake ilikuwa dola 79.99, yaani laki mbili hivi kwa gemu moja, mimi hapo sisogei. Kushusha bei hawapendi. Na ujanja wanao, kuna mkusanyiko wa gemu za zamani za Mario waliutoa Septemba 2020 wakasema mwisho wa kuuzwa ni tarehe 31 Machi 2021, basi watu wakakimbilia kama mchele wa ofa. Lakini bei iko mlangoni. Unaiona, unashindwa, unarudi nyumbani na hela yako, salama.

Sasa walipoingia kwenye simu ndo patamu. Desemba 2016 wakatoa Super Mario Run. Unapakua bure, unaonja hatua za mwanzo, ukiipenda unalipa dola 9.99 mara moja, gemu nzima imefunguka, imekwisha. Hakuna almasi, hakuna sanduku, mzazi analipa analala. Mimi nikasema hao ndo watu! Kijana akasema ngoja mama mdogo. Watu walilalamika ghali. Mwaka uliofuata gemu ilishapakuliwa zaidi ya mara milioni 200, na kampuni yenyewe ikasema faida haijafika pale walipopataka. Mamilioni kwa mamilioni walionja wakaondoka bila kulipa. Wakati huo huo, Februari 2017, wakatoa nyingine inaitwa Fire Emblem Heroes, bure, mashujaa unawapata kwa kubahatisha, ukitaka kubahatisha zaidi unalipa. Hiyo iliyopakuliwa na watu wachache zaidi ikaingiza hela nyingi kuliko ya Mario.

Nadhani mnaona inapoelekea. Septemba 2019 ikaja Mario Kart Tour, Mario yule yule wa watoto, bure, ila sasa kuna bomba, unalifyatua kwa rubi, ndo almasi za kwao, linakutemea dereva au gari bila kuchagua. Fyatuo moja rubi 5, kumi rubi 45. Na juu yake kuna tiketi ya dhahabu dola 4.99 kila mwezi, na mbio za kasi kubwa kabisa wakazifungia humo. Watu walisema sana, na mwaka 2022 wakaliondoa lile bomba wakaweka duka la kununua kitu unachokiona, nawapa haki yao. Lakini kesi ilishawafuata, 2023 kule Marekani walishtakiwa kwa ajili ya mtoto aliyetumia zaidi ya dola 170 kwenye mabomba, kadi ikiwa ya baba yake. Niliposikia hapo nilijisikia nafuu kidogo, kumbe na Mzungu anakaa juu ya gunia.

Alafu kijana akanigeukia. Akasema mama mdogo unakumbuka mwezi wa kwanza? Nikanyamaza, maana nilikumbuka. Mwezi wa kwanza alikuja na gemu ya mafumbo ya hesabu, akaniambia hii ni dola 4 na kitu, elfu kumi na kidogo, unalipa leo mtoto anacheza mpaka achoke, haina tangazo wala almasi. Na mimi nikamjibu mbele za watu, hela ya kununua gemu? Si bora niongezee ninunue kuku! Nikachukua ya bure. Kwa hiyo na mimi nimo kwenye wale milioni 200. Wenye kampuni sio wajinga, wanasoma daftari, wakiona anayesema bei kweli anadharauliwa na anayeficha bei anajaziwa kapu, wewe ungeuza kwa njia gani? Nasema hivi sio kuwatetea. Nawalaumu bado, maana mimi nilikataa kulipa elfu kumi nikiwa naiona, zile 187,400 sikukubali na sikuziona.

Kuna nchi zimeamka. Ubelgiji mwaka 2018 wasimamizi wa michezo ya kubahatisha walisema masanduku ya kulipia ni kamari, basi, na Agosti 2019 Nintendo wakaziondoa kule gemu zao mbili, hiyo Fire Emblem Heroes na ile Animal Crossing: Pocket Camp ya vinyama vya kambini ambayo ukiiangalia huwezi amini kama ilikuwa na mambo hayo. Marekani nako Apple mwaka 2014 walikubali kurudisha angalau dola milioni 32.5 kwa wazazi ambao watoto wao walinunua vitu ndani ya gemu bila ruhusa, na Desemba 2022 wenye gemu ya Fortnite, kampuni ya Epic Games, wakakubali kulipa dola milioni 520, ambapo milioni 245 ni za kurudishia wateja kwa sababu vitufe vilipangwa mpaka mtu ananunua bila kukusudia. Milioni 245 za dola. Sio mimi peke yangu mwenye kidole kibaya nyumbani.

Hapa kwetu tuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na dubwi la pale kona likikutwa na mtoto wa chini ya miaka 18 anaingiza kikoini mwenye nalo anatafutwa, na ni sawa kabisa. Sasa dubwi hilo hilo likipakwa rangi ya waridi likaandikwa kuku wa dhahabu, likaingia mpaka kwenye blanketi la mtoto, nani anatafutwa? Naomba bodi na hao wa mawasiliano watuambie wananchi kama hili liko mezani kwao, maana mimi ninachotaka sio kikubwa. Bei iandikwe kwa shilingi pale mtoto anapobonyeza. Uwezekano wa kupata huyo kuku uandikwe kabla ya kulipa, sio umefichwa huko chini kwa herufi za mchwa. Na kila malipo yaombe namba ya siri, kila moja, hata ya 2,600. Mimi nikitaka kumtumia mama yangu elfu tano naandika namba ya siri, inakuwaje kuku wa katuni anachukua 51,000 bila hodi?

Na nyie mhariri, samahani, gazeti lenu kila siku lina kurasa za mikeka na timu za Ulaya, hamwezi kutoa hata nusu ukurasa mkawaonyesha wazazi namna ya kuweka ulinzi kwenye simu? Kijana alinifanyia kwa dakika tano. Aliingia kwenye mipangilio ya duka la apu akaweka kila ununuzi uombe paswedi, akatoa kadi, akamfungulia mtoto akaunti ya mtoto iliyofungwa kwenye yangu ili akitaka kitu iniombe mimi. Dakika tano. Pale Uyole nimeshawafanyia wamama sita, mmoja tukakuta kashakatwa 31,000 na alikuwa anamlaumu wakala wake maskini ya Mungu.

Niliwaandikia na wenye gemu nikaomba hela yangu. Jibu likaja ndani ya dakika moja, la Kiingereza, la mashine, linanishukuru kwa kuwa mwanafamilia. Baada ya wiki wakarudisha 25,800, kwa nini hiyo na sio nyingine hawakusema.

Gemu yenyewe bado ipo kwenye simu, baba yake alitaka ifutwe lakini mtoto alilia kweli, anasema kuku wake watakufa njaa, nikaiacha bila kadi. Sasa hachezi sana, mahindi ya masaa manane yamemshinda. Juzi niko Isyonje tena napakia, matope mpaka magotini, simu ikalia nikajua dereva wa fuso. Kumbe ni wao: Tumekumisi! Shamba lako limenyauka, rudi haraka.

Mama wa viazi,
Uyole, Mbeya